Mama Alipopeleka Kesi kwa Basoda

Hata leo, nikisikia harufu ya mahindi mabichi yakichomwa, huondoka mahali hapo. Mniwie radhi, shule yangu ilikuwa fupi na huenda kuna mahali ninachanganya.

Baba alikuwa amekufa. Ndugu yake, baba mudogo, akadai shamba letu la njia ya Kambove, mahindi yakiwa karibu kukomaa. Ukoo ukampa haki yeye. Sisi hatukuwa na chakula kingine. Lakini nisimwonee: naye alikuwa na watoto wenye njaa.

Chumba cha nyuma cha nyumba yetu alipanga Mwalimu Ilunga. Jioni moja alitusimulia habari za kitabu cha kale cha Wajapani. Huko, alisema, wapiganaji walimwacha mfalme kwenye kiti chake, wakashika serikali wao, wakawa wanaandika mambo ya kila siku: mvua, tetemeko la ardhi, mashindano ya mishale, kesi za mashamba.

Mama aliacha kuchambua maharagi.

"Basoda balikuwa banasikiliza kesi?"

"Ndiyo, Mama Ngoie. Hata ya bajane."

"Hata ya mujane! Na sisi basoda si tuko nabo?"

"Pole pole, mama. Kile kitabu baliandika bao basoda benyewe."

Hilo la mwisho sidhani kama mama alilisikia. Asubuhi aliniosha uso, akafunga kitambaa chake kizuri, tukaenda kambini kwa basoda, yaani askari.

Komanda wao alimpa kiti, akamwita mwananchi kwa Kifaransa. "Citoyenne, sema." Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akaniuliza na mimi jina langu. Kusema haki, mkubwa mpole kama yule sijamwona tena. Kisha akasema, "Shamba ya kugombania, serikali njo itachunga," yaani serikali ndiyo itakayolilinda.

Siku chache baadaye basoda walikuja na lori, wakavunja mahindi yote. Wengine waliyatafuna mabichi palepale. Naona nao walikuwa na njaa. Mmoja akacheka: "Mama, si weye njo ulituita?"

Baba mudogo alisimama upande ule wa shamba, sisi upande huu. Yeye alilia. Mama hakulia.

Kwa miaka mingi nilisema mwalimu alitudanganya. Sasa nadhani hakudanganya, wala pengine kitabu chenyewe. Komanda yule angekuwa na mwandishi wake, siku ile ingeandikwa hivi: mvua haikunyesha, mjane alileta kesi ya shamba, akasikilizwa.

Na ingekuwa kweli.