Waliokuja Makumbusho na Ndoo

Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi wa Kibajuni aliyekuja Malindi bado mwari, akaolewa, akafiwa, na tangu hapo hakuogopa kitu duniani ila popo. Mimi nilikuwa nimekodi baraza yake nikaweka cherehani, nikishona sare za shule na magauni ya arusi, mengine ya watu walioachana kabla sijamaliza kushona pindo. Nyuma ya baraza palikuwa na chumba kikubwa ambamo marehemu mumewe alikuwa akiweka nazi. Nazi zilipokwisha, popo wakahamia.

Miaka hiyo ya themanini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza alipokuja mzee mmoja wa bara, mrefu, mkavu, soksi zimevutwa hadi magotini, kaptura ya kaki imepigwa pasi hata ungedhani ingeweza kusimama bila yeye. Alikuwa mstaafu. Ujanani alikuwa msimamizi wa mfereji wa mji, ule uliotoka pwani ukapita hadi nyuma ya soko. Zamani, bahari ikijaa, mashua ndogo zilipanda humo kuleta boriti na chokaa. Nilipofika mimi kutoka Ganze, kilichopanda humo kilikuwa harufu peke yake. Watu waliuita mtaro, wakatupa ndani yake kila walichochoka nacho, kuanzia maganda ya muhogo hadi paka.

"Nataka kufungua makumbusho ya mfereji," mzee alimwambia bibi. "Watu wamesahau."

"Wamesahau nini?"

"Kazi ilifanyika pale. Maji ilikuwa inaingia mpaka sokoni."

"Yalikuwa yanaingia," bibi akamsahihisha. Hilo lilikuwa la kwanza, na halikuwa la mwisho. "Sasa wewe una nini cha kuwaonyesha?"

"Niko na sepetu."

Bibi akamtazama kuanzia soksi hadi kofia. "Popo waweza kuwatoa?"

"Naweza."

"Basi fungua."

Hivyo ndivyo utamaduni ulivyoingia mtaani kwetu. Mzee alifukiza moshi wa makumbi siku nzima, popo wakatoka, na sisi wapangaji karibu tutoke nao. Mimi nikatiwa katika kamati kwa sababu nilikuwa nimekaa mlangoni. Mzee akasema hii ni kazi ya kujitolea. Niligundua baadaye kwamba kujitolea ni pale mtu mwingine anapokutoa.

Vitu vyenyewe vilikuwa hivi: sepetu za wachimbaji, zimetundikwa ukutani kama picha za mababu, makarai, mtaimbo mmoja mzito, upondo wa kusukumia mashua, kipande cha ubao cha lango lililozuia maji, picha moja ya wanaume waliozama topeni hadi kiunoni, na Wazungu wawili wamesimama juu yao, wakavu; na mwisho buti moja la mpira.

"La pili liko wapi?" nilimwuliza.

"Ndani ya mfereji," alijibu, na hakucheka. Kisha akaandika kwa mkono wake kikaratasi cha USIGUSE na kukibandika juu ya buti.

Mchoraji wa vibao akatuandikia, kwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye mashua ya mtu, MAKUMBUSHO YA MFEREJI. Hakuna aliyefikiri. Kwetu sisi, mfereji ni ule wenye koki, unaoufungua maji yakatoka. Na majuma hayo, kama mengi mengine, ukifungua ilikuwa inatoka pumzi.

Asubuhi ya kufungua nilikuta foleni ya wanawake kuanzia mlangoni hadi kwa muuza makaa. Ndoo, madebe, mitungi, hata sufuria la arusi. Mzee alisimama kizingitini amevaa tai, machozi yakimlengalenga. Alidhani wamekuja kwa historia.

"Karibuni!" akasema. "Tutaanza na sepetu."

"Shikamoo mzee," akajibu mama mmoja mnene aliyekuwa mbele, debe kichwani. "Tutaanza na maji. Watoto hawajaoga."

"Maji iko kwa picha."

"Yako," ikasema sauti ya bibi kutoka ndani.

Ilipowaelea kwamba ndani hamna koki, kelele zikapanda. Mmoja akauliza ni mwendawazimu gani anayeweka kumbukumbu ya maji watu wana kiu. Mimi, mtoto wa Ganze, ambako tulikuwa tukitembea hadi jua liwe utosini kutafuta ndoo ya maji ya rangi ya chai, nilikuwa upande wa mama huyo kabisa. Mzee tai ilimlegea. Nilimwona akijaribu kufunga mlango polepole, kwa heshima, kama mtu anayefunga jeneza.

Bibi akatoka. Uani kwake mlikuwa na kisima chenye maji ya chumvi kidogo, ya kufulia na kuogea, ambacho hakuwa akimruhusu mtu kukigusa.

"Sikilizeni," akasema. "Anayetaka maji, kwanza akumbuke. Apite hapa, amsikilize mzee, kisha aende uani akateke. Asiyetaka kusikiliza, bahari ile pale."

Nilimwuliza baadaye kwa nini amekubali. Akasema asingevumilia kumwona mwanamume mzima analia na soksi ndefu.

Tukawa makumbusho yenye wageni wengi kuliko yoyote ya pwani. Wanawake walikuja na ndoo, wakamsikiliza mzee akieleza mteremko wa maji na kina cha tope, wakasema "Ehee" na "Subhanallah" na "Bwana asifiwe", kila mmoja kwa dini yake, kisha wakakimbilia kisimani. Baadhi yao walijua hotuba yote kwa moyo. Mama yule mnene aliitoa mwenyewe siku mzee alipokuwa na homa, akaongeza papa aliyemla mchimbaji mguu. Mzee alipopona akakuta watu wanamdai papa.

Hata diwani wetu alikuja, akakata utepe niliomshonea kwa kipande cha sare ya shule, akasifu maendeleo, akaondoka bila kutazama ukuta hata mmoja. Haikuwa ajabu. Duka lake la vitambaa lilikuwa limejengwa juu ya mfereji wenyewe, pale unapopinda kuelekea pwani. Mzee alilijua hilo, na kila alipofika sehemu hiyo ya hotuba aliinua upondo, akagonga sakafu na kusema, "Hapa amefunga koo." Hakutaja jina. Hakuwa na haja.

Kisha mvua za masika zikaja kwa hasira. Zilinyesha usiku kucha, na kulipopambazuka nikasikia mzee akipiga ukelele kutoka chumba alichopanga kando ya makumbusho.

"Maji imeingia! Maji imeingia!"

"Yameingia!" bibi akamjibu kutoka chumbani kwake, huku akijitwika godoro lake kichwani.

Yalikuwa yameingia kwelikweli. Makumbusho ya mfereji yalikuwa yamejaa maji hadi magotini. Makarai yalielea. Buti lilikuwa likizunguka katikati ya chumba kama linamtafuta mtu. Nje, nyuma ya soko, mtaro uliojaa takataka ulikuwa umetapika kila ulicholishwa kwa miaka, na maji yalikuwa yakielekea nyumba za watu.

Wanawake walikuwa wamekwisha kufika, bila ndoo safari hii, wamefunga leso viunoni. Mzee alisimama mbele ya ukuta wake. Nilidhani atatuomba tuokoe vitu. Akanyoosha mkono, akatungua sepetu ya kwanza, akaipangusa kwa kiganja, akampa mama mnene. Akatungua ya pili akanipa mimi.

"Lakini mzee, imeandikwa usiguse," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilikuwa sitaki kuchimba.

"Nimeandika mimi. Chukua."

Tukatoka. Sijawahi kufanya kazi chafu kama ile, na nimewahi kushonea jeshi la mabibi arusi. Mzee alitangulia na upondo, akipima chini, akisema chimba hapa, acha hapo. Kaptura yake haikuwa tena na pasi. Tulitoa magurudumu, magodoro, vitu visivyotajika, na maji yakatufuata nyuma, mpaka tukafika ukumbi wa duka la diwani. Pale yalisimama.

Diwani akatoka, suruali imekunjwa, mwavuli mkononi.

"Nani amewapa ruhusa ya kuchimba hapa?"

Bibi, ambaye hakuwa ameshika hata kijiko asubuhi yote, akajibu, "Sisi ni wageni wa makumbusho, mwanangu. Twaonyeshwa vitu."

"Nitaita polisi!"

"Waite, waje na sepetu."

Mzee hakuwasikiliza. Aligonga kidato cha ngazi ya ukumbi kwa upondo, akasikiliza kama daktari anayepima kifua, kisha akasema, "Mtaimbo." Mama mnene aliupiga pale mara kadhaa, kidato kikapasuka, na chini yake mfereji ukakohoa. Maji yakapita kwa mngurumo. Diwani alifungua kinywa kutukana, akatazama ndani ya duka lake, akaona majora ya vitambaa yaliyokuwa yakielea yanashuka taratibu sakafuni, akafunga kinywa. Juma lililofuata, katika mkutano wa hadhara, alieleza jinsi alivyotoa amri mfereji uzibuliwe. Tulipiga makofi. Bibi alipiga kwa nguvu zaidi, akinikonyeza.

Sepetu hazikurudi. Mzee alipita nyumba kwa nyumba akiziulizia, akapewa chai kila mahali. Mama mmoja alimwonyesha yake, imepakwa udongo wa shamba.

"Naikumbusha kulima, baba," akasema.

Mzee alirudi nyumbani, akakaa barazani kando ya cherehani yangu, akacheka mpaka nikaogopa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Alisema katika miaka yote ya usimamizi hakupata kikosi kizuri kama kile.

Mwaka uliofuata kifua kilimsumbua, binti yake akaja kumchukua, akampeleka kwao bara. Habari za kifo chake zilitufikia kwa mdomo wa mtu aliyepita. Bibi akasema alimwonya kuhusu baridi ya huko, na kwamba watu wa bara hawasikii. Jioni hiyo hakula.

Miezi ilipita, wakaja Waitaliano wawili, mume na mke, wamesoma kibao. Mimi nilikuwa na Kiitaliano cha kushona: kiuno, mkono, fupisha, kesho. Bibi akawashika mikono, akawaingiza kwenye kile chumba kitupu, akawasimamisha mbele ya ile picha iliyobaki.

"Waambie hawa wa pichani wamechimba mfereji wote kwa mikono," akaniambia. "Waambie huyu wa katikati ni mume wangu."

"Bibi, mumeo alikuwa muuza nazi."

"Waambie."

Nikawaambia. Mwanamke wa Kiitaliano akauliza ni nani aliyeanzisha mahali hapa. Nilipomfasiria, bibi akaipangusa picha kwa ncha ya leso.

"Waambie ni mzee wetu mmoja," akasema. "Waambie alikuwa mtu wa maana sana, ila Kiswahili kilimshinda."

Kwa Kiitaliano changu hilo halikuwezekana, kwa hiyo niliwaambia alikuwa mtu wa maana sana.