Reli Nilizounga kwa Namba ya Baba Yako

Mwanangu, weka hicho kikombe chini kidogo. Tangu jana sina raha. Ulikaa hapo hapo ulipokaa sasa, ukaniambia unaendesha mtambo kule mgodini Nyangoto mwaka wa nne, lakini kwenye orodha ya mkandarasi bado umeandikwa kibarua wa usafi. Nikakuuliza mbona huombi barua. Ukacheka, ukasema msimamizi wako ni mtu wa saro yako, mlitahiriwa msimu mmoja, hawezi kukutupa. Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa na wageni. Leo hakuna wageni.

Ipo siku moja naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyooa. Ni siku niliyosema maneno hayo hayo yako, tena kwa kujidai, na mtu niliyekuwa namtegemea alikuwa baba yako, Marwa. Usinikatize. Mwenyewe anajua kwamba iko siku nitakuhadithia.

Niliondoka hapa Nyarero kijana, na begi moja. Baba yako alikuwa ametangulia, ni fundi na mnyapara katika kampuni iliyopewa kazi ya kukarabati reli upande wa Mwanza. Akanitafutia kibarua cha kufyeka majani kando ya njia. Mwaka haukuisha akawa amenifundisha kuunga reli: unapasha moto ncha mbili, unamimina chuma kilichoyeyuka, kikipoa unasaga mpaka ukipitisha kiganja huhisi kitu. Alinifundisha vizuri, sitamnyima sifa yake.

Sasa kila fundi alikuwa na muhuri wake wa chuma wenye namba. Ukimaliza kiungo unaugonga pembeni, na msaidizi wa ofisi anaandika namba ile na tarehe kwenye daftari, ili reli ikikatika ijulikane ni kazi ya nani. Kibarua hapewi muhuri. Baba yako akanipa wa kwake. Akasema, "Gonga huu. Suala lako nalishughulikia ofisini." Wenzangu wakaniuliza mbona siombi barua; ndiyo siku niliyojidai kwamba Marwa ni wa saro yangu, hawezi kunitupa.

Nikagonga miaka kumi na moja. Reli za kuhesabika kwa kilomita zina namba ya baba yako na jasho langu, na mimi kwenye karatasi ni mfyeka majani. Mara ngapi nilitaka kumwomba aniandikie hata mistari miwili! Nikafika mlangoni kwake nikageuka. Wewe ni Mkurya, unajua. Kumwomba mwenzako wa saro akuandikie ni kama kumwambia humwamini, na watu wakisikia wanakucheka. Basi nikaona bora nikose barua kuliko kuchekwa. Nikikumbuka akili yangu ya wakati ule natamani kujizaba kofi.

Kampuni ikatangaza kuwaajiri mafundi wake moja kwa moja na kuwaachisha wafyekaji wote. Nikaachishwa pamoja na wafyekaji. Sheria inakupa siku zake za kupeleka malalamiko kwenye tume ya usuluhishi wa kazi, na mtu mwenye akili angepanda gari siku ile ile. Mimi nilipanda gari, ndiyo, lakini la kuja huku nyumbani. Nikaitisha kikao cha saro. Kondoo akachinjwa, watu wakala, na baba yako akasimama mbele yetu sote akasema nikienda kwenye tume atakuja kusema ukweli. Tukapeana mikono. Siku za sheria zikaisha sisi tukiwa bado tunashukuriana.

Nilipofika kwenye tume, karani akatazama kalenda akaniambia nimechelewa. Ikabidi niandike maombi ya kuongezewa muda, na kiapo cha kueleza sababu. Nikaapa kwamba nilikuwa kwenye kikao cha rika. Mwanasheria wa kampuni alikisoma kiapo kile kwa sauti, polepole, akifika kwenye kondoo akavua miwani akaifuta. Muda nikaongezewa, lakini aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Halafu nikazungushwa. Natoka Tarime alfajiri, nafika Mwanza nimevimba miguu, naambiwa mwamuzi yuko semina. Narudi tena, mwanasheria anaumwa. Narudi tena, jalada halionekani. Unajua jalada linavyopotea ndani ya chumba chenye makabati mawili? Mimi sijui, na niliwauliza, na wao hawakujua.

Siku ya ushahidi baba yako akaja, upande wa kampuni. Akaitazama meza akasema, "Huyu simjui kama fundi. Alikuwa anafyeka majani." Mwamuzi, mama mmoja mtulivu, akaniuliza kama nina swali kwa shahidi. Nikasema sina. Miaka kumi na moja ya mikono yangu inafutwa mbele yangu, na mimi naogopa kumwaibisha mwenzangu wa saro mbele ya wageni! Mwamuzi akaniuliza mara ya pili. Nikasema sina.

Niliporudi huku sikufika nyumbani, niliunganisha moja kwa moja mpaka Kisaka kwa shangazi yangu Robhi, aliyeolewa huko. Nilitaka anionee huruma. Nilimkuta zizini anapaka ndama dawa ya kupe, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akauliza, "Ukinunua dume mnadani, unaondoka nalo bila kibali?"

Nikasema nitaondokaje, si nitakamatwa kwa wizi.

"Kwa hiyo dume lina karatasi, wewe huna."

Nikaanza kumweleza habari za saro, akanikata. Akasema nimekuwa mtu mzima bure. Alipomaliza kunisema akaniuliza jambo ambalo mimi na kichwa changu chote sikuwa nimeliwaza. "Marwa alipokuja kumtahirisha mwanawe alikaa Nyarero mwezi mzima. Nilicheza naye ngoma mimi mwenyewe. Mwezi ule reli aliunga nani?"

Mwezi ule, mwanangu, ulikuwa wako. Wewe ndiye uliyekuwa unatahiriwa.

Kikao kilichofuata nikaomba kampuni ilete madaftari mawili, la likizo na la viungo vya reli. Mwamuzi akayaweka sambamba, akawa anapitisha kalamu huku na huku. Kila siku ambayo baba yako alikuwa likizo Tarime, namba yake ilikuwa imegongwa relini. Mwanasheria akaomba tuahirishe. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale, mwamuzi akakataa.

Nilishinda. Nikarudishwa kazini kwa barua inayosema fundi, ipo ndani, nitakuonyesha. Lakini mwezi ule ule baba yako alifukuzwa kwa kosa la kuazimisha muhuri, na najua ndio mwaka ulipoachishwa shule. Sikufurahi. Sikuwahi kufurahi, na watu wanaosema nilimchongea nimechoka kuwajibu. Kama ningemwomba karatasi mwezi wa kwanza, angeninunia wiki moja. Sikuomba, tumenuniana miaka kumi na mitano.

Basi nakuambia wazi, ili usije kusema nilikuficha. Kesho nenda kwa huyo mwenzako. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie, kwamba unataka barua inayoitaja kazi unayoifanya. Akinuna, muache anune. Mtambo usiuwashe tena kwa jina la mtu mwingine, hata awe nani kwako. Wakikuachisha, nenda kwenye tume siku hiyo hiyo, kikao cha saro kitakusubiri. Na usimpende mwenzako kiasi cha kumpa nafasi ya kukukana. Mimi nilimpa baba yako nafasi hiyo, na sehemu ya kosa lile ni yangu.

Mungu akutangulie huko Nyangoto. Akulinde na ule mtambo, na kazi ya mikono yako ijulikane kwa jina lako. Haya, kunywa chai, imepoa. Ukifika nyumbani msalimie baba yako. Akikuuliza nani ametuma salamu, mtajie jina langu, na umwambie ni mimi nimeanza kusalimu.