Ng'ombe Yangu na Mugeni wa Kinshasa

Siku yangu ya kwanza kwenye santrali ya simu ya Bukavu, Shefu wa Santrali alinikabidhi vitu viwili: kasiki ya kuvaa masikioni na kusikilizia, na kikwembe cha kujifunga cha animasio. Kasiki, alisema, ni ya saa za kazi. Kikwembe ni cha saa zote. Nikacheka, nikifikiri muzee anatania. Yeye hakucheka, na mimi pia sikukawia kuacha.

Ninyi vijana munaotembea na simu mufukoni na bado munalalamika, ngoja niwaelezee. Mbele ya kila mmoja wetu kulikuwa ubao mukubwa wenye matundu, kila tundu ni simu ya mutu fulani. Mutu akiita, kifuniko kidogo kinaanguka juu ya tundu lake. Unachomeka waya, unasema, "Bukavu, nasikiliza." Anakuambia anayemutaka, unachomeka waya wa pili kwa huyo mwengine, unawaacha waongee. Kisha, mbele ya kuchomoa, lazima uulize: "Mumemaliza?" Usipouliza, ipo siku utakata maneno ya mukubwa katikati, na utajieleza mpaka ukauke mate. Kazi hiyo niliipenda sana.

Iliyonichosha ni ile nyingine. Animasio, kwa ninyi muliozaliwa nyuma, ilikuwa kuimba na kucheza kwa kusifu chama kimoja kilichotawala inchi. Kila ofisi ilikuwa na kundi lake, na kila shefu alitaka kundi lake lishinde la jirani. Ukitoka kazini, mazoezi. Jumamosi asubuhi salongo, yaani kufyeka majani na kuzibua mifereji ya muji, kisha mazoezi tena. Na redio ikitangaza kwamba mugeni mukubwa anakuja kutoka Kinshasa, basi nyumbani wakusahau. Maman aliniuliza siku moja kama waliniajiri kupokea simu ao kutingisha kiuno. Nikajifunga kikwembe, nikaenda kwenye mazoezi.

Wakati ule nilikuwa muchumba wa Mugisho, mwalimu wa shule ya musingi, mutu wa kijiji cha Nyantende. Katika ukoo wetu mahari haipokelewi musichana akiwa hayupo. Wakwe wanaleta ng'ombe na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Musichana anatoka mbele ya watu, anaionja, kisha anamupelekea baba yake naye anywe. Asipotokea, maana yake amekataa, na hakuna wa kumusemea.

Wakwe walikuja kwetu Nyalukemba mara ya kwanza, mimi niko kwenye mazoezi, kwa sababu mugeni anafika kesho. Hakufika. Walikuja mara ya pili, mimi niko barabarani napunga kibendera. Mugeni hakufika tena. Baba mukubwa wa Mugisho, aliyekuwa musemaji wa ukoo wao, akatuma neno: ng'ombe ataletwa mara moja tu tena, Jumamosi inayokuja, na akirudi Nyantende, Mugisho atatafutiwa mwengine. Mugisho alikuja kuniona.

"Nsimire," akasema, "uniambie tu kweli. Uko na miye ao uko na chama?"

Niliumia, sitaficha. Kesho yake nikaenda kwa Shefu kuomba ruhusa ya Jumamosi ile moja. Hakuwa mutu mubaya, alikuwa mutu wa woga, na kumbe mubaya ana nafuu, kwa maana mubaya siku nyingine anachoka. Alijipangusa uso kwa leso, akaangalia mulango, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama chama kilivyotuamuru.

"Citoyenne, ndoa iko kila siku. Mugeni iko anakuja mara moja."

Nilitaka kumuambia kwamba mugeni huyo anakuja kila wiki na hafiki. Nikarudi kwenye ubao wangu. Kazi niliihitaji.

Jumamosi hiyo walitupanga kwenye barabara kubwa ya Ibanda tangu asubuhi. Jua likatupiga, mvua ikatupiga, jua likarudi. Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, naye alikuwa amewatoa watu wa Nyalukemba nyumbani mwao wote, hata baba yangu, na koti lake la harusi. Baba alisimama ng'ambo ya pili akiniangalia kama mimi ndiye niliyemualika huyo mugeni.

Ndipo wakwe wakatokea, Mugisho kati yao, na ng'ombe wao na vibuyu vya kasiksi, wakitaka kuvuka barabara kwenda kwetu. Musimamizi wa chama akawaona. Eti watu wa Nyantende wamemuletea mugeni zawadi! Akawasogeza mbele kabisa, akafunga kibendera kwenye pembe ya ng'ombe, akaamuru makofi. Baba mukubwa wa Mugisho, ambaye Kifaransa na Lingala vilikuwa vinapita juu ya kichwa chake, alifurahi ajabu. Alimugeukia Mugisho akamusifia wakwe zake wapya: hajawahi kuona familia inayopokea ng'ombe kwa watu wengi namna ile.

Nilikuwa karibu kucheka. Kisha nikamusikia musimamizi akitoa amri ng'ombe apelekwe kwenye makao ya mugeni. Nikamuangalia Mugisho. Alikuwa anaangalia chini.

Nikatoka kwenye mustari. Shefu wa Santrali aliniita mara mbili kwa sauti ya kunong'ona, sikugeuka.

"Hii ngombe haiko ya mugeni," nikasema mbele ya watu wote. "Iko ya mahari yangu."

Nikachukua kibuyu mikononi mwa baba mukubwa, nikaonja, nikavuka barabara, nikapiga magoti kwenye matope na kumupa baba yangu. Alikunywa mpaka nikaogopa hatabakisha. Wanawake wa kila ofisi wakapiga vigelegele, na kundi letu likaanza wimbo wa harusi bila kuomba ruhusa kwa mutu. Musimamizi akafungua kibendera chake kwenye pembe, akaachilia ng'ombe. Mugeni, bila shaka, hakufika.

Tulipotoka tu kanisani kufunga ndoa, Shefu aliniita ofisini. Kwa mahitaji ya kazi, nilihamishiwa santrali ya Kamanyola, muji mudogo mbali na Bukavu. Mugisho alibaki Bukavu na shule yake, kisha na watoto wetu, kwa sababu Kamanyola nililala katika chumba cha kazi. Jumapili alikuwa anawaleta kwenye santrali ya Bukavu, rafiki yangu anawaunganisha na mimi, nasikia sauti zao ndogo zikisukumana. Rafiki yangu akiuliza, "Mumemaliza?" mutoto wetu wa mwisho analia, "Hapana, bado." Shefu wa pili alipokubali kunirudisha, mutoto huyo alikuwa ananiita tantine, kama shangazi tu. Hilo sijalisamehe mpaka leo, na musiniambie nisamehe.

Siku ya kustaafu walinipangia sherehe ya medali. Shefu wa tatu alinisifu sana, kwamba sikukosa kazi hata siku moja. Kilichobaki ni mukubwa wa kutoka Kinshasa aje anivalishe hiyo medali. Ndege imechelewa kidogo, wakasema. Tuimbe kwanza.

Nilitia kasiki juu ya meza, nikachukua kikapu changu, nikaenda. Medali hiyo sijui ilivalishwa nani.

Nyumbani niliwakuta wote mezani, hata yule wa tantine, na chakula bado kina moto. Mugisho aliangalia saa, akaniangalia, akastaajabu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza," nikamujibu. "Chomoa."