Wanaokula Chini ya Kahawa

Mama alikuwa ameshanyanyua jembe aing'oe miche yake ya kahawa. Ni hapa kijijini Ganako, nyuma ya nyumba yetu, masika yakiwa yamekwisha. Miche aliyopewa na bibi ilikuwa imeshika vizuri. Ile ya kununua ilikuwa imedumaa, majani ya njano.

"Mbegu mbovu," alisema. "Naweka maharage."

Mimi nilishuku mifuko. Miche ya bibi ilikuja imeviringishwa kwa magamba makavu ya mgomba. Ya kununua ilikuja kwenye mifuko myeupe yenye picha ya jani, na muuzaji alituambia inaoza yenyewe, tupande nayo hivyo hivyo. Tukapanda. Lakini kumwambia mama nilishindwa. Mimi hata darasani najibu moyoni tu. Nikamwomba jembe, nikachimba.

Nilianza na mche wa bibi, nikimalizia kwa vidole. Gamba sikulikuta. Nilikuta udongo mweusi kuliko mwingine, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko za buibui, na mizizi imepita katikati kana kwamba hapakuwahi kuwa na ukuta. Mwalimu wa baiolojia alishatuambia kuoza ni kuliwa, kwamba kuna viumbe wasioonekana wanaotafuna, nami niliandika kwa ajili ya mtihani tu. Kumbe kweli! Walikuwa wamekula gamba zima, na mkahawa unakula mabaki yao.

Nikachimba mche wa kununua. Mfuko ulikuwa mzima bado. Nikafuta tope, lile jani likatokea, kijani vilevile. Ndani mizizi ilikuwa imejizungushazungusha ikitafuta njia.

"Mama! Imefungwa! Haina pa kutokea!"

Kaka yangu akacheka kutoka zizini. "Wee! Kumbe bubu ana spika!"

"Nyamaza, lete wembe," mama alimwambia. Akachuchumaa, akauvuta mfuko. Haukuchanika. "Si alisema unaoza?"

"Labda unaoza, mama, ila kwingine. Hawa wa kwetu wameushindwa."

"Hawa nani?"

Nikamwonyesha zile nyuzi za kuvu, mmoja wa walaji wa gamba, nikamweleza yote. Aliinama mpaka pua ikakaribia udongo.

"Wote hao wamo shambani kwangu?" akauliza, kwa sauti ya kanisani.

Tulichana mifuko yote, tukairudisha miche ardhini kwa samadi. Mingine ilikufa hata hivyo. Iliyobaki imetoa vijani vipya, vinang'aa kama vimepakwa mafuta, na mama hapeleki tena jembe karibu nayo. Anapalilia kwa mkono, polepole.