Pa Kulaza Kibuyu cha Posa

Nakumbuka Ijumaa moja ya kiangazi, mwanangu, tuliposhuka kwenye basi jijini Mwanza watu watatu na kibuyu kimoja. Katika hao watatu mwenye haraka nilikuwa mimi, kwa sababu mwenye kuoa nilikuwa mimi.

Jana nilikutazama ukitelezesha kidole kwenye simu, unatafuta hoteli ya kuwafikishia wazee wetu watakaokwenda Dar es Salaam kukuposea. Uliniuliza, "Baba mkubwa, hii ina bwawa la kuogelea, hii ina ghorofa kumi, tuchukue ipi?" Jibu lake ndilo hili ninalokusimulia. Swali lako nililijua. Nililibeba mimi kabla yako, wakati kwenda Mwanza tulikuwa tunavuka ziwa kwa kivuko, si kwa daraja kama mnavyovuka leo.

Unajua kwetu hapa Kasulo, Ngara, posa haianzi kwa maneno. Inaanza kwa urwagwa, pombe ya ndizi, na katika ukoo wetu kibuyu cha posa kina adabu zake. Hakilali kwenye nyumba yenye baa, kwa kuwa pombe ya heshima hailazwi pamoja na pombe ya kuuzwa. Hakishushwi kwenye gari mlangoni kwa wakwe. Kinakwenda kichwani mwa shangazi, kwa miguu, asubuhi. Na ni lazima kifike kikiwa hai, povu bado linapanda. Kikifika kimechacha, wakwe wanakushukuru kwa upole na kukurudisha kwenu.

Baba yake Veronika, Mzee Bonifasi, alikuwa Msubi wa Biharamulo aliyefanya kazi miaka mingi Mwanza na kujenga Isamilo, mtaa wa kilimani uliotulia kati ya mawe makubwa. Adabu hizo za kibuyu hata kwao zilikuwepo, na usidhani jiji lilimlegeza. Aliye mbali na kwao hushika mila kwa mikono miwili. Kabla yangu alikuwa amekwisha kumrudisha mchumba mmoja, kijana mwenye kazi nzuri kuliko yangu, kwa sababu ya kibuyu kilichochacha. Nami nilikuwa nampenda Veronika kiasi cha kusahau sala ya jioni, Mungu anisamehe.

Nilifuatana na wazee wawili. Mshenga wetu alikuwa Mzee Ladislaus, mtu wa magoti mabovu na ulimi mzuri. Wa pili alikuwa Shangazi Paskazia, dada yake baba, tuliyempitia Lusahunga. Pale njiapanda alikuwa na vyumba vya kulaza madereva wa malori, na kibuyu alikipakata mapajani njia nzima kama mtoto anayenyonya.

Mahali pa kulala nilikuwa nimepachagua mwenyewe, hoteli ndefu ya vioo katikati ya mji. Nilitaka wakwe wasikie kwamba watu wa Ngara wamefikia kwenye vioo. Tulipoingia mapokezi, binti wa pale alikitazama kibuyu, kisha akatuonyesha kibao ukutani: vinywaji vya nje ni marufuku.

"Mama, kama ni kinywaji, kitabaki getini kwa mlinzi," alisema kwa adabu.

"Kwa mlinzi?" Shangazi akaniangalia. "Deo, tumemleta mkeo umwache getini?"

Mzee Ladislaus alikuwa ameketi kwenye sofa, anafuta jasho. "Na lifti yao haifanyi kazi," akasema. "Mimi nitafika huko juu siku ya ubatizo wa mtoto wenu wa kwanza."

Tukatoka. Karibu na stendi kulikuwa na gesti za bei ya chini, nikawapeleka huko. Kila mlango ulikuwa na baa, na kila baa ilikuwa na spika. Shangazi hakuvuka hata kizingiti. Alisimama barabarani, akanishika kiwiko, akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo mpaka nimeota mvi.

"Wewe unachagua nyumba kwa macho ya watu watakaoitazama kwa nje. Chagua kwa mgongo wa atakayelala ndani. Kesho Mzee Ladislaus atasema mbele ya wakwe kwa sauti gani, kama hapa wanapiga muziki mpaka asubuhi? Na mimi nitakibeba kibuyu kutoka hapa mpaka Isamilo? Mtaka mke halali mbali na mlango atakaobisha."

Nilijisikia mdogo, mwanangu. Lakini kemeo la mtu anayekupenda ni kama dawa ya mizizi. Chungu mdomoni, tamu tumboni.

Tukapanda Isamilo jua likiwa bado lipo. Huko kulikuwa na nyumba za wageni za kadiri, si za vioo wala si za spika. Nilidhani Shangazi ataomba kwanza kuona vitanda. Wapi! Alianzia dukani, ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba mojawapo, akanunua kiberiti asichokihitaji.

"Wageni wa nyumba ile huondoka wakicheka au wakigombana?" akamuuliza mwenye duka.

"Wengi hurudi," mwenye duka akajibu.

Hilo likamtosha kuvuka barabara. Lakini hakwenda mapokezi; alizunguka nyuma, akatazama mashuka yaliyoanikwa juani, akanusa moja. Akafungua bomba, akasubiri maji yatoke, akalifunga. Kisha akaketi kwenye kiti cha uani, akafumba macho, mpaka nikadhani anasali rozari.

"Shangazi, vipi?"

"Nyamaza. Nasikiliza nyumba."

Tulisikia kuku, na mtu anachota maji. Basi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Shangazi yeye alifungulia uani.

Mwenye nyumba alikuwa nesi mstaafu, Mama Yustina. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, wanangu, karibuni." Ukumbini kwake hakukuwa na baa. Lakini ukutani niliona kibao kama kile cha hotelini: pombe hairuhusiwi.

Mzee Ladislaus akaninong'oneza, "Sema ni maziwa. Povu ni povu."

Masikio ya Shangazi yalikuwa makali. "Ladislaus! Posa ianze kwa uongo, ndoa iishe kwa nini?" Akageuka kwa mwenye nyumba, akakiweka kibuyu wazi mbele yake. "Dada yangu, kibao chako nimekisoma. Humu mna pombe. Ni ya posa ya mtoto wa kaka yangu. Hainywewi hapa, haifunguliwi hapa. Tunaomba ilale tu. Ukisema hapana, tutakushukuru na kuendelea na safari."

Mama Yustina alikiinamia kibuyu, akakikagua kizibo. Jua lilikuwa linashuka, na mimi sikuwa na mahali pengine pa kuwapeleka wazee wangu. Nilisali kimoyomoyo, sala fupi isiyo na mpangilio.

"Mnakwenda kwa nani?" akauliza.

"Kwa Mzee Bonifasi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Yule mzee? Kibao kile ni cha walevi, mama. Posa si ulevi. Nendeni mkakiweke stoo, sakafu ya kule ni ya baridi. Lakini nikikuta kizibo kimeguswa, mtalala juu ya mawe na mijusi."

"Kikiguswa," Shangazi akajibu, "huyu ndiye atakayelala na mijusi maisha yake yote."

Tulikula wali na samaki kwa mkono wa Mama Yustina mwenyewe. Mzee Ladislaus alipewa chumba cha chini, kisicho na ngazi, akalala kama mtoto mchanga.

Asubuhi tulipita kati ya mawe, Shangazi mbele, kibuyu kichwani, hatua zake za polepole kama za mtu anayepeleka vipaji altareni. Mzee Bonifasi alikuwa amesimama mlangoni na ndugu zake. Hakutusalimu kwanza. Alikipokea kibuyu, akakiweka sikioni.

"Kimelala wapi?" akauliza.

"Hapo chini, kwa Mama Yustina," Shangazi akasema. "Hakuna baa, hakuna kelele. Na mwenyewe alijua kilichomo."

Mzee akasikiliza tena. Mwanangu, sijawahi kusubiri hivyo, hata siku ya matokeo ya mtihani.

"Bado inaongea," akasema. Sura yake ikafunguka. "Waliotangulia walilala mjini, kibuyu chao kikaja kwa teksi. Hawa wamekuja kama watu. Ingieni!"

Mzee Ladislaus aliponyanyuka kusema, sauti yake ilijaa ua mzima, na magoti hayakumsumbua. Alitutajia mababu mpaka wengine nikawafahamu siku hiyo. Vigelegele vilipopasuka jikoni, nikajua Veronika amekwisha kuulizwa na amekwisha kukubali. Nililia mbele ya wakwe. Shangazi akanipiga kofi la mgongo, "Futa machozi, bwana harusi, watadhani tumekulazimisha!" Hata Mzee Bonifasi akacheka. Namshukuru Mungu, Veronika huyo ndiye anayekukaangia karanga kila ukija hapa.

Basi, mwanangu, simu yako usiitupe, ni chombo kizuri. Lakini picha ya kitanda haikwambii nani anaimba chini ya dirisha. Ukiwatafutia wazee hoteli, tafuta ya kadiri, kwenye mtaa unaolala, karibu na mlango mtakaobisha. Piga simu kwa mwenye nyumba, uisikie sauti yake. Mwambie kama kuna mzee mwenye magoti mabovu. Mtume rafiki aliyeko huko akapite nyuma, si mbele tu. Na zaidi ya yote, chagua nyumba ambayo unaweza kusema ukweli wa mzigo wako mapokezini, ukakaribishwa nao. Usiache shibe ya kweli kwa sababu ya sahani inayong'aa. Anayetulia usiku huongea vizuri asubuhi, na maneno ya asubuhi moja yanaweza kukupa nyumba ya maisha.

Nenda kwa amani. Mungu aliyemwongoza Tobia wa Biblia njiani mpaka akapata mke akakutangulie, akuwekee mwenyeji mwema kabla hujafika, awape wazee wako usingizi mtamu, na akurudishe kwetu na binti wa watu mkononi, mkiimba. Amina.