Siku Mama Alipopanda Treni ya Joka

Mama alikuwa na miaka sabini na moja, na presha ya kupanda, alipoamua kwamba atapanda treni ya joka. Tulikuwa Masasi kwa ajili ya kliniki yake. Asubuhi tulitoka Chilangala, tukateremka kona za barabara ya mlimani nikiwa nimemshika mkono, na daktari alipomaliza kumpima alimwambia apunguze chumvi, apumzike, aepuke mishtuko. Niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Saa moja baadaye tulikuwa kwenye uwanja ambako watu wa bembea za umeme walikuwa wamepiga kambi, nami nilikuwa namsihi tuondoke.

Treni yenyewe haikuwa kubwa. Mabehewa sita ya bati yaliyopakwa rangi ya kijani, la mbele likiwa na kichwa cha joka lenye meno ya mbao. Reli yake ilipanda mpaka usawa wa paa la nyumba, ikashuka, ikapinda, kisha ikaingia kwenye pango la maturubai na magunia. Lakini Mama hakuwa anatazama reli. Alikuwa anamsikiliza mwanamke wa makamo mwenye kipaza sauti, aliyekuwa akiwahadithia watu waliopanga foleni. Joka, alisema, limemeza ngoma ya kijiji, na tangu siku hiyo hakuna harusi wala jando. Kila anayepanda anaingia tumboni mwa joka kuitafuta.

"Ngoma ya nani?" Mama aliuliza kwa sauti.

"Ya kijiji kizima, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na wenyewe walikuwa wapi ikimezwa?"

Watu wakacheka. Yule mwanamke hakucheka. "Walikuwa shambani, bibi, wanaokota korosho."

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Basi ndiyo maana," akasema, akaingia kwenye foleni.

Nikamvuta kitenge. "Mama, daktari amesema nini?"

"Amesema niepuke mishtuko. Sasa nimeshaambiwa kilichomo humo, nitashtukaje?"

Ningefanya nini? Nilipanda naye. Mama alipewa kengele ndogo. Akiiona ngoma agonge kengele, wenzake wajue. Mimi nilipewa tochi. Treni ilipoanza kupanda nilifumba macho, nikashika kifundo cha mkono wake, nikitafuta mapigo ya moyo. Tukashuka kwa kasi. Watu walipiga mayowe. Mama hakupiga. Nikadhani amezimia.

Kisha tukaingia pangoni, na umeme ukakatika.

Treni ilisimama palepale. Ngoma za kwenye spika zikanyamaza, kukawa giza tupu linalonuka turubai na moshi wa udi. Mtoto wa kike nyuma yetu akaanza kulia, na mama yake naye sauti ikaanza kutetemeka. Nilichokuwa nawaza ni jinsi ya kumshusha mtu mzima kutoka kwenye reli gizani, na kama hospitali ilikuwa mbali.

"Mnalia nini?" Mama akasema. "Joka limelala. Mkipiga kelele litaamka."

Mtoto akanyamaza. "Litaamka saa ngapi, bibi?"

"Haliamki mpaka sisi tuchukue ngoma yetu. Mwanangu, si una tochi? Washa."

Nilikuwa nimeisahau mapajani. Niliiwasha, nikamulika juu, na hapo ndipo nilipofumbua macho kwa mara ya kwanza tangu treni ianze kupanda. Kuta zilichorwa mbavu nyekundu. Katikati yake, ikining'inia kwa kamba, kulikuwa na ngoma ya kweli, ya ngozi. Mama akagonga kengele kwa nguvu zake zote. Treni nzima ikashangilia, na yule mtoto akashangilia kuliko wote. Tulikuwa bado tunapiga makofi jenereta lilipounguruma na mabehewa yakasogea.

Nilimshusha Mama taratibu. Mimi ndiye niliyehitaji kukaa chini. Yeye alimfuata mwanamke wa kipaza sauti, aliyekuwa akituomba radhi, akamuuliza mbona ngoma imeachwa mlemle.

"Na hawa walio kwenye foleni watatafuta nini, bibi?"

Mama akafikiri. "Kweli," akasema.

Wiki nzima nilimchungulia kila alipojilaza. Hakuwa na neno. Kila jirani aliyekuja alihadithiwa joka, giza, mtoto aliyenyamaza, ngoma ya ngozi. Sikumsikia hata mara moja akitaja mwendo kasi wala kule kuteremka kulikonitoa roho. Kama ingekuwa reli peke yake, nadhani asingeipanda. Na kama angeipanda, asingekuwa na la kusimulia.

Dada yangu wa Lulindi alipiga simu kunigombeza. Mama mgonjwa, nampandisha mitambo? Nikampa Mama simu. Akaanza tangu korosho zilivyokuwa zinaokotwa. Aliponirudishia simu, dada yangu alikuwa ameacha kunigombeza.

"Hivi hao watu bado wapo Masasi?" akauliza.

Nilijua wapo mpaka Jumapili. Nikamwambia sijui, kwa sababu Mama alikuwa bado karibu, anasikiliza.