Nilivyopima mvua ya serikali kwenye grosari ya gongo, miaka ya ruksa huku Songea

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu hamjambo, na kama humu kuna wanaonizidi umri, shikamooni.

Mimi ni mzee. Shule nilifika darasa la nne nikatoka nalo hilo hilo. Naandika kwa kidole kimoja, mkiona herufi imerukwa irudisheni wenyewe. Ila hii siyo chai. Mke wangu yupo hapa pembeni anapukuchua mahindi, na mimi naandika huku nasoma kwa sauti. Nikiongeza chumvi ananikatiza.

Juzi niliona vijana wanabishana humu, eti serikali ikibadili sera, mwananchi wa kijijini haimhusu. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Ngoja niwape yangu.

Kijiji chetu kipo barabara ya Songea kwenda Namtumbo. Sikitaji jina, watu wake wapo hai na wanajua ninapolala. Kazi ni mahindi na tumbaku.

Palikuwa na kituo kidogo cha kilimo. Ofisi ya chumba kimoja, bwana shamba mmoja, na mimi. Mimi nilikuwa nafyeka, nafagia, na napima mvua.

Kupima mvua msikudharau. Kuna kopo la shaba limesimikwa kwenye saruji, mdomo wake kama faneli, ndani yake chupa. Kila siku ya Mungu saa tatu asubuhi, iwe Pasaka, Idi au msiba, unatoa chupa, unamimina kwenye glasi ndefu yenye mistari, unasoma milimita, unaandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi kadi inakwenda Dar kwa wakubwa wa hali ya hewa.

Bwana shamba aliniambia, "Glasi hii na kopo hili ni mke na mume. Ukimimina kwenye kikombe cha chai, umezini."

Hesabu yake sikuielewa. Uzinzi niliuelewa.

Sasa ng'ambo ya uzio wetu palikuwa na zahanati, na kwenye zahanati Nesi Agatha. Binti wa Peramiho huko, mfupi, mkali, sindano yake ulikuwa unaisikia kabla haijafika. Kila asubuhi alikuwa anasogea uzioni.

"Shikamoo baba. Mawingu yametupa ngapi leo?"

"Marahaba. Ishirini na moja."

Anaandika nyuma ya kalenda yake. Mvua ikizidi kiwango anachokijua yeye, anapeleka barua Songea: leteni dawa za malaria mapema, mbu wanakuja. Hakuna mkubwa aliyempangia hivyo. Yalikuwa mambo ya uzioni tu. Lakini dawa zilikuwa zinawahi kufika kuliko mbu. (Wenye umri wangu wanakumbuka klorokwini. Ulikuwa unapona huku unajikuna kama mbwa.)

Basi ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara huria.

Sitaki kuisema vibaya yote. Sabuni ilionekana. Mitumba, nguo za kafa Ulaya, ilifika mpaka kwetu, nikavaa koti la mzungu lenye mifuko sita, na mpaka leo sijajua alikuwa anaweka nini humo. Ruksa ilikuwa na utamu wake.

Ila ilikuja na ndugu yake, anaitwa kubana matumizi.

Siku hiyo ikaja barua: kituo kimesitishwa mpaka hapo mtakapotaarifiwa. Miaka imepita mingi, hatujataarifiwa. Bwana shamba akapunguzwa. Wakati ule watu walikuwa wanapunguzwa kama miche ya mahindi, anang'olewa huyu, anaachwa yule, na huoni aliyeachwa kazidi nini.

Wakaja watu wa mnada. Meza ikauzwa, viti vikauzwa. Kopo la shaba walilivuta wanaume watatu likagoma kutoka kwenye saruji. Wakaandika kwenye karatasi: "halihamishiki." Wakaliacha. Glasi yake wakaiandika "glasi ndefu moja", akainunua Mama Zawadi.

Mama Zawadi ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kukata leseni ya biashara. Mbele kibao: Zawadi Grosari. Mezani soda, kiberiti, biskuti. Kwa nyuma, gongo, pombe ya kificho.

Na gongo akaipimia glasi ile.

Nawaambia, walevi walijifunza milimita kuliko wanafunzi wa sekondari. Mtu anaingia, "Mama, ninyeshee tano!" Asiye na kitu anaambiwa, "Kwako wewe leo kiangazi, kaa kivulini." Walikuwa wanaipenda kwa sababu haipunji. Walisema glasi ya serikali haidanganyi. Mahali pengine pote serikali walishaacha kuiamini, ila pale kwenye glasi waliiamini.

Mimi nikarudi shamba. Mvua sikupima tena.

Msimu ule ilinyesha vibaya. Nesi Agatha akaandika barua Songea kuomba dawa. Zamani barua yake tu ilitosha, sanduku la dawa linakuja, sasa utaratibu ulikuwa mpya: uombe kwa fomu, na useme sababu. Akaandika sababu, mvua kubwa. Jibu likaja, nililisoma kwa macho yangu: kituo chenu cha mvua kimefungwa, kwa hiyo hakuna taarifa ya mvua katika eneo lenu.

Yaani kiserikali kwetu ilikuwa jua. Sisi tuliokuwa tunateleza matopeni tulikuwa wakorofi tu.

Dawa zikaisha. Tulizika watoto. Mmoja alikuwa Fausta, mjukuu wangu, mtoto wa Kolumba wangu. Alikuwa ameanza kusema maneno. Mimi alikuwa ananiita "Ngapi", kwa kuwa ndilo neno alilolisikia uzioni kila siku akiwa mgongoni kwa bibi yake.

Hapo mke wangu ameacha kupukuchua. Tuendelee.

Msimu uliofuata, mawingu ya kwanza tu, nikaenda kwa Mama Zawadi.

"Mama, niuzie ile glasi."

"Mzee wa mvua, nikikuuzia glasi, hawa nitawapimia kwa nini? Kwa mdomo?"

"Basi niazime asubuhi."

"Haitoki humu. Ukitaka lete mvua yako hapa, saa tatu, kabla wateja hawajaja. Na uisuuze. Mvua yako isije ikanipozea dawa yangu."

"Nitaisuuza kabla na baada."

"Kabla ya nini?"

"Gongo yako isije ikaniongezea mvua."

Akacheka, tukakubaliana.

Sasa piga picha wakuu. Kila asubuhi saa tatu mzee mzima anatoka kwenye magofu ya kituo, amebeba chupa ya kitu cheupe kama maji. Anaingia kwa Mama Zawadi kwa mlango wa nyuma. Anatoka na chupa tupu.

Kijiji kizima kikaelewa. Mzee ndiye mpishi wa gongo, na huo ni mzigo anapeleka.

Wenye huruma wakasema hapiki, anakunywa, msiba wa mjukuu umemlevya. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa nilikuwa msoma somo. Wakanipumzisha. Mwenyekiti akasema, "Baba Kolumba, tunakuombea." Ukisikia unaombewa na wewe upo hapo umekaa, jua umeshahukumiwa.

Siku moja mgambo akanisimamisha njiani.

"Mzee, chupani kuna nini?"

"Mvua."

"Mvua gani?"

"Ya jana jioni."

"Mzee, usinitanie. Mimi nimeoa hapa, ni mkwe wenu."

Akaninyang'anya chupa. Akanusa. Akapiga funda moja zito, akafumba macho akingoja iwake. Haikuwaka.

"Maji!" alisema kwa uchungu kama mtu aliyefiwa.

"Umekunywa data ya serikali," nikamwambia. Hapana, nisidanganye, neno data sikulijua. Mke wangu amenikatiza. Nilimwambia, "Umekunywa mvua ya watu."

Siku ile nikaandika kwenye daftari: kumi na sita, pungufu funda moja, mgambo. Niliona uaminifu ni huo.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Koti langu la mifuko sita lilikuwa linashika harufu.

"Baba Kolumba, mvua ya wapi inanuka gongo?"

"Ni glasi, mama."

"Hata mume wa dada yangu alikuwa anasema ni glasi. Mpaka ikamuua hiyo glasi."

Kesho yake akajitanda kanga akanifuata. Nimeinama, jicho langu limelingana na mstari, namkuta kasimama mlangoni. Aliangalia nikisuuza, nikimimina, nikisoma, nikiandika, nikisuuza tena. Halafu akauliza, "Ngapi?"

Nikamwambia, thelathini na tatu. Akaketi kwenye kreti la soda akalia. Mama Zawadi akampa biskuti.

Namba zikajaa daftari. Nesi Agatha akazinakili vizuri, akajaza fomu, akaenda mwenyewe Songea. Ofisini akamkuta bwana mmoja, nitamwita Bwana Fomu. Akazitazama namba akasema, "Nzuri. Muhuri wa taasisi uko wapi?" Bila muhuri wa taasisi inayotambulika, hiyo ni mvua ya mtu binafsi.

Nesi akarudi amevimba macho. Tukakaa pale grosari, maana ndipo daftari lilipokuwa. Kituo kimefungwa na muhuri wake ulikwenda na bwana shamba. Serikali ya kijiji, muhuri ulikuwa umepotea tangu mwenyekiti aliyepita. Chama cha msingi cha tumbaku kimekufa, wanunuzi binafsi wanakuja na mihuri yao na kuondoka nayo. Na mbu walishaanza kuimba.

Mke wangu naye alikuwepo, kwenye kreti lake la soda. Akanyoosha kidole mezani, kati ya kiberiti na biskuti.

"Wanataka muhuri? Si ule pale."

Ulikuwa wa duara, wino wa zambarau. ZAWADI GROSARI, na kwa chini, LESENI HALALI.

Mama Zawadi akasita. "Wakija kuuliza?"

"Wewe unatambulika au hutambuliki?" mke wangu akamuuliza.

"Natambulika. Leseni hiyo hapo ukutani."

"Basi piga."

Akapiga, kila karatasi. Nesi Agatha kwa heshima ya kazi akaandika chini kama barua zote za kiserikali: Nakala, wakubwa wa hali ya hewa, Dar.

Bwana Fomu hakusoma muhuri umesema nini. Aliangalia kama ni wa duara. Dawa zilifika Alhamisi, kwenye lori lililokuwa linafuata tumbaku, na wiki iliyofuata homa ikaanza. Mwaka ule tulizika wazee wawili, kwa uzee wao. Mtoto hatukuzika.

Tulishukuru Mungu. Ila usiniulize kama nilifurahi. Muhuri ule ulikuwepo pale mezani mwaka mzima uliotangulia, kati ya kiberiti na biskuti.

Tukaendelea hivyo misimu mingi, na nakala zikienda Dar.

Sasa majuzi haya nikaitwa semina Songea mjini, wazee wakulima, mambo ya tabianchi. Soda, maandazi, na binti mmoja mtaalamu, msomi kweli kweli, anaonyesha ukutani mistari ya mvua. Anasema miaka ile ya mageuzi vituo vingi vilifungwa, mistari imekatika yote, hawawezi kujua hali ya hewa ilianza kubadilika lini. "Isipokuwa mmoja," akasema, "huu wa upande wa Namtumbo."

Nikaangalia. Chini ya mstari wameandika: Chanzo, Zawadi Grosari.

"Tunadhani lilikuwa shirika la wafadhili," akasema binti. "Na kuna siku moja imeandikwa pungufu funda moja. Tumeulizia mpaka nje, hawajui funda ni kipimo cha nchi gani."

Nikanyoosha mkono nikawaeleza. Ukumbi ulicheka dakika nzima. Yeye hakucheka, alikuwa anaandika. Akauliza, "Mzee, mna hakika glasi ilikuwa inapima sawasawa?"

Nikamwambia, "Mwanangu, ilikuwa inakaguliwa na watu arobaini kila jioni. Ingekosea mstari mmoja wangechoma nyumba."

Lakini ule mstari nao una pengo, la msimu mmoja. Binti akaligusa kwa fimbo yake akasema, "Hapa hatuna taarifa."

Mimi ninayo. Ilinyesha.

Fundisho langu wakuu ni dogo. Mnaofunga vitu huko juu, kabla hamjafunga, njooni muone nani anakitumia kwa kupitia uzioni. Kwenye makaratasi yenu huyo hayupo. Na ninyi vijana, mnachokiandika kiandikeni kila siku hata kama hakuna anayekusanya.

Glasi ninayo mimi sasa. Mama Zawadi aliokoka, akamwaga gongo yote mtoni, akaniletea glasi mwenyewe. Jumuiya nilisharudishiwa somo, ingawa mwenyekiti mpaka leo ananisogelea kunusa kabla sijasoma.

Kwenu ilikuwaje? Mbesa, Tunduru, Mbinga, palikuwa na kopo kama hili? Liko wapi, na nani alikuwa anaulizia namba zake? Semeni tuwasikie. Mwenye kusema nimetunga aje nyumbani, kopo bado liko kwenye saruji, halihamishiki.

Leo asubuhi limetoa kumi na moja.